Majina Tuliyoacha: Historia ya Raia Waliokataa Vita katika Kivu



Mwezi uliopita mutoto wa dada yangu, ambaye amepata diplome yake ya Leta, aliniuliza: "Mujomba, ninyi mulianza kufanya marche tangu siku za Mobutu. Mukafanya ville morte, mukafungwa, wengine wakauawa. Sasa vita iliisha?" Nikakosa jibu. Nilimuambia nitamujibu kwa maandishi, juu mimi nilisoma Histoire, na mutu wa Histoire akikosa neno anakimbilia karatasi.

Jibu njo hili. Lakini ndani yake kuko jambo moja ambalo sijawahi kuandika. Wale wa promotion yetu watalitambua. Na leo sitasema niko muji gani. Mutanielewa.

Sauti ilirudi kwanza

Nianze na tarehe 24 Aprili 1990. Siku ile Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wazee wetu wanakumbuka: mbele ya siku ile, mutu alizungumza siasa akiwa amefunga dirisha. Kisha, kwa muda mufupi, watu wa Bukavu wakaanza kujikusanya. Waprotestanti walianzisha Héritiers de la Justice mwaka 1991. Walei Wakatoliki wakawa na Groupe Jérémie. Walimu, wanasheria, wakulima na wamama wa vyama vya maendeleo nao wakaingia. Vyote pamoja tukaviita société civile, na neno lile likawa la kila siku, hata muuza sambaza wa sokoni analijua.

Kinshasa, Mukutano Mukuu wa Taifa ulifunguliwa Agosti 1991, ukafungwa na serikali Januari 1992. Dominika tarehe 16 Februari 1992, wakristo walitoka misani wakaingia barabarani na Biblia, rozari na mishumaa, kuomba mukutano ufunguliwe. Askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Lakini mwezi wa nne mukutano ukafunguliwa tena. Muweke tarehe ile moyoni, 16 Februari, kwa sababu itarudi.

Kwetu mashariki, mwaka uliofuata, 1993, moto uliwaka Walikale na Masisi. Majirani waliuana juu ya udongo na juu ya uraia. Hapakuwa bado na majeshi makubwa ya kuvuka mupaka. Kulikuwa swali moja tu: nani ni mwenyeji na nani ni mugeni? Raia waliokataa vita katika Kivu wamekutana na swali lile kila mwaka tangu siku ile, na mimi pia nilikutana nalo. Nitafika huko.

Askofu aliyehesabu wote

Mwezi wa saba 1994, kisha mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, watu zaidi ya milioni moja walivuka mupaka wakaingia Kivu. Kati yao mulikuwa wamama na watoto wasio na kosa, na mulikuwa pia wauaji wenye silaha. Askofu mukuu wa Bukavu wakati ule wa shida alikuwa Christophe Munzihirwa, Mujezuiti. Aliandika barua nyingi kwa wakubwa wa dunia. Na alisema mambo mawili pamoja, mambo ambayo watu wengi walitaka kuyatenga: walioua wahukumiwe, na mukimbizi asiye na kosa asiuawe kwa kosa la mwingine.

Tarehe 29 Oktoba 1996, wakati muji ulikuwa unaanguka na wakubwa wengi wamekwisha kukimbia, yeye alibaki. Jioni ile alipigwa risasi pale Nyawera.

Nilikuwa na miaka 12. Papa yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mumemba wa komite ya haki na amani ya parokia yetu. Siku chache kisha kifo kile alitoa daftari la mistari, lile la kurasa 100 tulilokuwa tunatumia shuleni, akaandika juu yake neno moja: "Wafu". Ukurasa wa kwanza aliandika jina la askofu. Chini yake akaandika jina la muuza mukaa wa karitie yetu ambaye aliuawa wiki ile ile na hakuna redio iliyomutaja. Nikauliza kwa nini anawaweka pamoja. Akajibu: "Juu bote balikufa."

Daftari lile ninalo leo. Liko mahali salama.

Wiki tuliyokula mara moja kwa siku

Vita ya pili ilianza Agosti 1998. Bukavu ikawa mikononi mwa RCD na majeshi ya Rwanda. Kasika, mwezi ule ule wa nane. Makobola, siku za mwisho za 1998 na mwanzo wa 1999. Ni majina ya vijiji ambavyo watu wake waliuawa kwa wingi, na leo mutoto wa Kivu anayajua kama anavyojua majina ya mito.

Ni wakati huo harakati yetu ilipata silaha yake ya kweli: kukaa nyumbani. Ville morte. Wa-anciens wa nje ya Kivu wanafikiri ni kupumzika. Hapana. Mama yangu aliuza ndizi Kadutu. Kama hakufungua meza, hatukula. Mwisho wa Januari 2000 société civile ilipoita muji wote ukae kimya kwa wiki nzima, tulikula mara moja kwa siku, na siku ya mwisho hatukula. Hakuna mutu aliyemulazimisha mama. Hakuwa na kadi ya chama chochote. Alisema tu: "Bakilipisha ushuru kwa meza yangu, na ushuru ile inanunua masasi, basi meza ilale."

Njo maana ninawaambia vijana: amani ya raia haikuanza na mabango. Ilianza na hesabu ya mwanamuke mumoja sokoni, aliyeona faranga yake inaenda wapi.

Mamlaka ya wakati ule ilimutafuta mukosaji mukubwa, ikamupata askofu mukuu Emmanuel Kataliko. Katika ujumbe wake wa Noeli 1999 alikuwa amesema wazi kwamba inchi inaporwa na watu wanaonewa, na aliwaomba wakristo wasijibu chuki kwa chuki. Tarehe 12 Februari 2000 walimuzuia kuingia Bukavu, wakamupeleka Butembo. Alikaa huko miezi saba. Alirudi Septemba, na watu wakajaa barabarani kumupokea. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule alikufa Roma.

Watu walilia, lakini hawakukaa. Mapema 2001 waliita wageni. Walitaka mukutano wa amani ufanyike Bukavu. Haikuwezekana, ukafanyika Butembo, na tarehe 1 Machi 2001 ilikuwa kilele chake. Raia wa kawaida karibu 300 kutoka Ulaya, wengi Waitalia, walivuka sehemu za inchi yenye vita, wakalala katika nyumba za watu, wakatembea nao barabarani. Fikirini: inchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na jeshi lake, na watu wasio na bunduki wakavuka mistari ile. Haikumaliza vita. Lakini iliwaambia watu wa Butembo, Beni na Bukavu kwamba si wendawazimu wanaofikiri vita inaweza kukataliwa.

Viti

Mwaka 2002 mazungumuzo ya Wakongomani yalifanyika Sun City, Afrika ya Kusini. Société civile ilikaa mezani pamoja na serikali, waasi na upinzani, chini ya jina la "Forces vives". Ni ushindi wetu mukubwa, lazima tuuseme. Raia waliofanya ville morte walilazimisha wenye bunduki wawaone kama upande wa mazungumuzo. Aprili 2003 mukataba wa mwisho ulitiwa sahihi, na inchi ikaunganika tena, angalau kwa karatasi.

Lakini meza ilikuwa na viti. Mukataba uligawanya serikali ya Mpito kwa pande zote, na société civile nayo ikapewa wizara, wabunge na maseneta, na uongozi wa tume. Moja ya tume zile ilikuwa Tume ya Ukweli na Upatanisho. Ilikuwa kazi yetu, mikononi mwa watu wetu. Mpito ukaisha 2006, na ukweli ule haukusomwa mbele ya wananchi.

Sisemi wote waliouza. Kulikuwa watu waliobaki wima, na wengine walilipa kwa damu. Pascal Kabungulu, katibu mutendaji wa Héritiers de la Justice, aliuawa nyumbani kwake Bukavu usiku wa tarehe 31 Julai 2005. Lakini wengi wa wale tuliowaimbia barabarani waliingia ndani ya gari za vioo vyeusi, na sisi tuliobaki nje tukajifunza neno jipya: per diem. Mukutano wa amani bila per diem ukawa mukutano bila watu.

Mimi pia nilikula per diem ile. Niseme ukweli. Lakini si njo dhambi niliyotaka kusema.

Jina la kumi na mbili

Mwaka 2004 nilikuwa muanafunzi wa Histoire Bukavu. Kwenye banc moja nilikaa na rafiki, Munyamulenge wa Haut-Plateau. Tuligawana notes, tuligawana mikate. Papa yake alifanya biashara ndogo muji kati.

Tarehe 26 Mei 2004 mapigano yalianza mujini kati ya askari wa serikali na askari wa Mutebutsi. Nkunda akaja kumusaidia, na tarehe 2 Juni Bukavu ikaanguka mikononi mwao. Sisi wa Bukavu tunakumbuka vizuri siku za Juni: wizi wa nyumba kwa nyumba, wamama na wasichana kubakwa, watu kuuawa mbele ya watoto wao. Tunakumbuka hasira yetu juu ya MONUC, iliyokuwa pale ikaangalia. Ni kweli yote.

Lakini kulikuwa pia siku za mwisho za Mei, mbele ya Nkunda kuingia. Siku zile raia Wanyamulenge waliuawa mujini, wengine na askari wa upande wa serikali, juu ya uso wao tu. Maelfu walikimbia kuvuka Ruzizi kwenda Cyangugu. Hiyo hatuikumbuki sana.

Papa yake rafiki yangu aliuawa siku zile. Karitie nzima ilijua.

Katikati ya Juni, wakati muji ulikuwa umetulia kidogo, komite yetu ilijikusanya ili kuandika wafu. Papa yangu alikuwa mugonjwa, amelala. Alinipa daftari akasema niende mahali pake. Tulikuwa watu saba ndani ya chumba. Mutu alisema jina, mwingine alihakikisha, mimi niliandika. Tulifika 11. Mama mumoja, kwa sauti ya chini, akasema jina la kumi na mbili, la papa yake rafiki yangu. Kimya kikaingia. Kisha muzee mumoja, mutu niliyemuheshimu, mutu aliyepigwa mara nyingi wakati wa ville morte, akasema: "Ule hapana. Ule ni wa bale."

Bic ilikuwa mukononi mwangu. Hakuna bunduki iliyokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa ninajua jina lile, nilikuwa nimekula nyumbani kwake. Sikuandika. Nikafunga daftari.

Nilipofika nyumbani papa akauliza: "Muliandika bangapi?"

"11."

Akaniangalia muda murefu. "Minasikiaka ni 12." Kisha akageukia ukuta. Hakuniuliza tena mupaka alipokufa mwaka uliofuata.

Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia Kivu, waliuawa usiku ndani ya kambi ya Gatumba, Burundi. Sisemi daftari langu liliwaua. Lakini kila mauaji ya namna ile yana mukoko wake nyuma, na mukoko ule ni vyumba vidogo ambamo watu wema wanasema "ule hapana". Chumba kimoja kilikuwa chetu, cha watu wa amani.

Daftari linaweza kufanya nini

Mutoto wa dada yangu, sasa ninakujibu.

Marche haikumaliza vita. Ville morte haikumaliza vita. Ukipima harakati yetu kwa kipimo kile, tumeshindwa kwa miaka zaidi ya 30. Lakini kuko kazi nyingine iliyofanyika kimya wakati wote ule, kazi ya daftari, na ile imefika mbali kuliko miguu yetu.

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti tunayoiita Rapport Mapping. Inaeleza matukio 617 ya ukatili mukubwa katika Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Wachunguzi walizungumuza na mashahidi zaidi ya 1,280 na kusoma hati zaidi ya 1,500. Hati zile hazikuanguka mbinguni. Nyingi ziliandikwa na watu wetu: walimu, mapadri, wachungaji, wamama, vijana wa komite, wengine kwa mushumaa, wengine waliolala na karatasi chini ya kitanda cha mutoto. Ripoti ile inataja wafu wa kila upande: Wakongomani, wakimbizi Wahutu, Watutsi wa Kongo. Njo maana inachukiwa na wakubwa wengi, na njo maana inasimama mupaka leo.

Muchukue pia Kavumu, pale karibu na uwanja wa ndege. Watoto wasichana karibu 40, wengine wadogo sana, waliibiwa usiku nyumbani kwao na kubakwa, kati ya 2013 na 2016. Wazazi, waganga, watetezi wa haki waliandika kila kisa, tarehe na mahali, na mutetezi mumoja aliuawa juu ya kazi ile. Tarehe 13 Desemba 2017 korti ya kijeshi iliyokuja kukaa kule kule Kavumu iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha. Kati yao mulikuwa mubunge wa jimbo. Mubunge! Karatasi za watu wadogo zilimutoa kwenye kiti chake zikamupeleka gerezani.

Vijana waliokataa kuwa na mukubwa

Mwaka 2012 kizazi kingine kilianza Goma: Lucha. Walianza na maji ya robinet na kazi kwa vijana, katika muji wenye ziwa kando na bomba kavu. Walikuwa wamejifunza kutoka kwa makosa yetu ya viti: hawakutaka rais, hawakutaka kuwa shirika la kupokea faranga za mafadhili, waliamua kwa kukaa chini pamoja. Tarehe 16 Februari 2016 inchi iliitwa kwenye ville morte. Mumekumbuka tarehe? Ni ile ya 1992. Alfajiri ya siku ile vijana 6 wa Lucha walikamatwa Goma kwa kosa la kutayarisha mabango. Korti iliwapa miaka 2, rufaa ikapunguza kuwa miezi 6. Wazazi wa wengine wao hawakuwa bado wameoana siku ya marche ya kwanza.

Aprili 2021 wanafunzi wa shule wa Beni, wengine na uniforme zao, walikaa na kulala mbele ya ofisi ya muji. Waliomba Rais aje aone jinsi watu wanavyokatwa na mapanga. Mwezi uliofuata, tarehe 6 Mei, état de siège ikaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri: watoto waliomba amani, wakapewa gavana wa kijeshi, na mauaji hayakusimama.

Kisha M23 ikarudi. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Wale mulioko nje mulituona kwenye simu. Leo katika miji ile marche ni hadizi ya zamani. Watetezi wengi wamevuka mupaka au wamejificha. Na upande wa pili wa mustari, anayeuliza maswali juu ya askari wa serikali au Wazalendo anaitwa msaliti. Kwa hiyo mutoto wa dada yangu ana haki ya kuuliza: sasa munabaki na nini?

Kitu kinachobaki

Tunabaki na daftari. Lakini safari hii lina bei, na hapo njo hatari.

Tarehe 26 Desemba 2022 inchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kulipa fidia wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu. Iko mufuko wake, FONAREV, unaopata sehemu ya malipo ya madini. Ni jambo jema ambalo wahanga wenyewe walilipigania miaka mingi. Lakini muelewe maana yake: sasa orodha ya wafu inaweza kuwa orodha ya malipo. Mwaka 2004 muzee wetu alisema "ule hapana" bure, kwa uchungu tu. Kesho mutu atasema "ule hapana" juu ya faranga. Na mwingine ataongeza jina ambalo halikufa.

Kwa hiyo ninawaomba wa-anciens, wale mulio na elimu ya kuandika na kuchunguza, musaidie vijana wenu. Kila jina liwe na watu wawili walioona au waliozika, si uvumi wa WhatsApp. Muandike tarehe, saa kama inajulikana, mahali, miaka ya mutu, kazi yake. Kabila musiandike kwenye orodha. Korti ikilihitaji itauliza. Jina la mushukiwa liwe kwenye karatasi nyingine, lisitembee na orodha, maana orodha ikikamatwa inaweza kuua mutu wa pili. Nakala zikae mahali patatu, moja nje ya inchi. Na picha za maiti musizitume kwenye magroupe. Maiti ile ina mama.

Zaidi ya yote, kabla ya kufunga kila kikao, mutu mumoja apewe kazi ya kuuliza: "Nani tumeacha?" Iwe kazi yake rasmi, ili asionekane musaliti akiuliza. Siku ile ya Juni, kama kulikuwa mutu wa kazi ile, mama aliyesema kwa sauti ya chini hangebaki peke yake.

Najua wengine watasema: "Kaka, unasawazisha aliyevamiwa na muvamizi." Hapana. Anayeleta vita na anayenufaika na vita lazima atajwe, na Rapport Mapping ilitaja majeshi kwa majina yao. Lakini papa yake rafiki yangu hakuwa jeshi. Aliuza viatu. Harakati ya amani inayohesabu wafu wa upande wake tu haiko tena harakati ya amani. Imekuwa biro ya habari ya upande mumoja wa vita, hata kama watu wake wanabeba mishumaa.

Ukurasa wa 2004

Mwaka huu, kisha swali la mutoto wa dada yangu, nilitafuta namba ya rafiki yule. Anaishi mbali sana, ana watoto. Tulikuwa hatujazungumuza miaka 20. Nilimueleza yote: chumba, bic, kumi na moja. Alinyamaza mupaka nikafikiri simu imekatika.

Nikamuomba ruhusa ya kuandika jina la papa yake kwenye daftari.

Akasema: "Unaandika alikufa siku gani?"

Nikasema Ijumaa, tarehe 28 Mei, vile nilivyosikia.

"Ilikuwa Alhamisi. Tarehe 27." Kisha akanitajia jina herufi kwa herufi, juu mimi nililikuwa ninalikosea tangu zamani. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuomba. Aliuliza kama mama yangu bado ni muzima, nikamuambia ndiyo, ila magoti yanamusumbua. Akasema nimusalimie.

Usiku ule nikafungua ukurasa wa Juni 2004. Chini ya jina la 11, kwa mwandiko wa papa, ule wa mutu mugonjwa unaotetemeka, kulikuwa namba 12 na kituo. Mbele yake hakuna kitu. Alikuwa ameniachia mustari, na kwa miaka 20 sikuwahi kufungua ukurasa ule.

Nimeujaza. Nimebakisha nakala mbili za kupeleka.